Waliokaa Kiti cha Mbele

Garth Nankervis alikuwa dereva wa lori la maziwa, mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole kiasi kwamba mbwa wa wafugaji wote wa Cassel Point walimzoea na kulala karibu na magurudumu yake bila wasiwasi. Ndiyo maana mji mzima ulishangaa uliposikia kwamba Garth ameingia kwenye bwawa la kuogelea na viatu vyake, akamnyakua mjukuu wake Tilly mikononi mwa mwalimu, na kumsukuma mwalimu huyo hadi akakaa majini kitako.

Mwalimu mwenyewe alikuwa binti mdogo tu, na hakuwa na kosa lolote. Alimshika mtoto makwapani kama wanavyofanya walimu wote, akamwambia, "Safi sana, leo wewe ndiye bora kuliko wote." Basi. Garth, aliyekuwa amekaa juu kwa watazamaji na koti la Tilly mapajani, hakumbuki alishukaje. Anakumbuka tu suruali imelowa, mtoto analia, na wazazi wengine wanamtazama kama mlevi.

"Umepatwa na nini?" mkewe Joylene alimuuliza walipofika nyumbani.

"Sijui."

"Hujui vipi, Garth? Umemwangusha mtoto wa watu."

"Ningejua ningekwambia."

Hakuwa anamdanganya. Alikwenda kumwomba msamaha yule binti, akakubaliwa, lakini tangu siku ile kichwa chake hakikutulia. Alisimama kwenye mazizi ya watu akiwa ameshika mpira wa kunyonyea maziwa na kusahau kama tayari ameufunga kwenye tangi au bado. Wafugaji walimtania kwamba anazeeka. Usingizi ulimpaa. Alipokwenda zahanati kupimwa presha, muuguzi alimuuliza maswali ya kawaida, kisha akamuuliza kwa sauti ya chini kama kuna jambo lolote baya lililompata utotoni.

"Hapana," Garth alisema. Akavaa koti. Akavua tena. "Sijui kama lile ni baya. Sijui kama ni jambo."

Muuguzi akampa namba ya simu ya mwanamke aitwaye Glenys Tarrant.

Glenys aliendesha kikundi cha watu wazima waliodhulumiwa wakiwa watoto. Hakuwa daktari wala mshauri wa kusomea. Alikuwa mmoja wao, aliyetangulia miaka kadhaa, na mchana alikuwa akiuza vifaa vya bustani. Garth alimpigia akiwa ndani ya lori, ameegesha kando ya barabara, mvua inapiga kioo.

"Sina hakika kama nastahili kuja," alisema.

"Unastahili nini?"

"Kukaa na watu ambao... ambao walifanyiwa kweli. Mimi sikupigwa. Sikulazwa njaa. Yule mtu alikuwa mwema kwangu."

"Garth, sisi hatuna mlango wa kukagulia watu," Glenys akasema. "Alhamisi saa kumi, chumba cha nyuma cha maktaba. Ukija kunywa chai tu na kuondoka, sawa. Chai yenyewe si nzuri, nakuonya mapema."

Akaenda. Walikuwa watu sita au saba, viti vimewekwa duara, sanduku la karatasi za kufutia machozi juu ya kigoda ambako hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulifikia. Masharti yalikuwa machache: linalosemwa chumbani linabaki chumbani, hakuna kulinganisha maumivu ya huyu na ya yule, hakuna kumtaja kwa jina aliyekutenda, na hakuna anayelazimishwa kusema.

Garth akalishika hilo la mwisho kwa mikono miwili. Kila Alhamisi alikuja, akakaa karibu na birika, akasikiliza, akaondoka. Aliyemchokoza alikuwa Darcy Rundle, jamaa mkubwa wa mwili, fundi wa kupaka rangi mapaa aliyestaafu baada ya kuanguka na kuvunjika nyonga.

"Huyu bwana anakuja kwa ajili ya biskuti," Darcy alisema siku moja. "Nimemhesabia. Anatia kibindoni na za safari."

"Kule kwangu biskuti hakuna," Garth akajibu. "Mke wangu amenipiga marufuku."

"Angalau sasa tunajua una sauti."

Watu wakacheka, na Garth akajisikia vizuri kwa mara ya kwanza chumbani humo. Alimpenda Darcy. Alipenda anavyofika akichechemea na kulalamikia hali ya hewa kama vile Glenys ndiye aliyeipanga. Kwa hiyo siku Darcy alipoamua kusema habari yake, Garth alisogeza kiti mbele amsikilize vizuri.

Darcy alisema akiwa ameinamisha kichwa, akiiangalia fimbo yake. Alisema alikuwa muogeleaji utotoni. Kulikuwa na kocha. Kocha alikuwa akiwachukua wavulana mazoezini kwa gari lake, gari la njano lenye nyuma ya kupakia, na kulikuwa na mvulana mmoja tu wa kukaa kiti cha mbele. Wengine walishushwa kwanza. Wa mbele alishushwa mwisho. Yaliyotokea katikati, Darcy aliyasema kwa maneno machache, na hakuna aliyehitaji zaidi.

"Alikuwa akinipa peremende," Darcy akaendelea. "Na kila mara alisema neno lilelile. Kwamba amefundisha watoto wengi, lakini wewe ni wewe. Hakuna mwingine. 'Wewe ni wewe, hakuna mwingine.' Nikaamini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, ningeachaje kuamini?"

Garth alihisi masikio yake yanaziba kama mtu aliyezama.

Gari la njano alilijua. Alijua kiti chake kilivyokuwa kimepasuka na kumchoma mapajani wakati wa kiangazi. Alilijua lile neno, herufi kwa herufi, na sauti iliyolisema. Watu wangedhani kwamba wakati ule alimwonea Darcy huruma, au alimchukia kocha, au alifarijika kumpata mwenzake. Hakuna hata moja kati ya hayo lililomjia. Lililomjia ni wivu. Wivu mtupu, mkali, wa mtoto aliyeambiwa kwamba zawadi yake ilikuwa ya mtu mwingine. Alimtazama Darcy na kichwani mwake sauti ikasema: mwongo huyu. Kocha aliniambia mimi.

Akainuka, akaangusha kikombe, akatoka bila kuaga.

Garini alikaa na funguo mkononi. Alijaribu kujielewa akashindwa. Ina maana gani mtu mwenye wajukuu kuona wivu kwa jambo kama lile? Je, ina maana alilipenda? Na kama alilipenda, basi anatafuta nini katika kikundi cha manusura? Aliwasha gari, akaenda nyumbani na kumwambia Joylene kwamba ameshika mafua.

Alhamisi iliyofuata hakwenda, wala ile ya pili. Alikuwa barabarani tangu alfajiri, kutoka zizi hadi zizi, na popote alipokuwa alibishana na watu wawili ambao hawakuwapo. Mmoja alikuwa Darcy. Mwingine alikuwa Kocha Prewett, marehemu zamani, aliyemnunulia viatu wakati baba yake yuko migodini pwani ya magharibi na hatumi kitu. Aliyekaa ukingoni mwa bwawa jioni za baridi kumfundisha jinsi ya kuvuta pumzi bila kupoteza mwendo. Mtu huyo ndiye aliyekuja kumpongeza mama yake mlangoni. Mtu huyohuyo ndiye wa lile gari. Garth alijaribu kuwaweka pamoja yule wa bwawani na yule wa garini, wakakataa kukaa. Akajaribu kuwatenganisha, wakakataa pia.

Glenys akampigia.

"Sikuulizi kwa nini umeacha kuja," alisema. "Naomba tu kujua kama uko salama."

"Niko salama. Nimemkasirikia mtu asiye na kosa, basi."

"Darcy?"

Garth akahamishia simu sikio la pili.

"Kama unaweza kuja, njoo uyaseme hayohayo," Glenys akasema. "Usiyapambe. Yaseme yalivyo kombokombo."

"Yatamuumiza."

"Huenda. Lakini anadhani umemwona mchafu ndiyo maana ukakimbia. Tayari ameumia."

Hilo ndilo lililomrudisha. Alhamisi ile hakukaa karibu na birika. Alikaa mkabala na Darcy, ambaye hakumtazama, wala hakumtania habari za biskuti.

"Nataka kusema," Garth akaanza, "na sijui nasema nini. Yule kocha wako. Gari lake lilikuwa na ufa kwenye kiti cha mbele, upande wa mlango. Alikuwa akiuziba kwa plasta nyeusi."

Darcy akainua kichwa.

"Aliniambia mimi pia. Wewe ni wewe. Na siku ile uliposema, mimi... niliona wivu, Darcy. Sikukimbia kwa sababu yako. Nilikimbia kwa sababu niliona wivu, na sielewi mtu wa aina gani anaweza kuona wivu kwa kitu kama kile."

Mama mmoja aliyekuwa akifuma sweta akaacha kufuma. Darcy alishika fimbo yake, akainuka kwa taabu, akatoka nje. Mlango ukajifunga taratibu nyuma yake. Garth akabaki ameduwaa, anajilaumu, anajiuliza kama amfuate au aondoke kabisa kwa mlango wa pili. Walimsikia Darcy akikohoa huko ukumbini. Kisha akarudi, akasimama nyuma ya kiti chake bila kukaa.

"Kofia nyeupe," Darcy akasema. "Ulikuwa unavaa kofia nyeupe ya kuogelea, ina mstari wa bluu."

"Alininunulia yeye."

"Najua. Kabla yako alininunulia mimi ya kwangu." Darcy aliegemea mgongo wa kiti. "Siku moja nilifika kwenye gari, nikakuta mtoto mdogo mwenye kofia nyeupe amekaa mbele. Kocha akaniambia, ingia nyuma, Darcy. Basi, hivyo tu. Ingia nyuma. Nikakaa nyuma ninakitazama kisogo chako njia nzima, na nilikuchukia, bwana. Miaka arobaini nimekuchukia na hata jina lako sikulikumbuka. Kisha nikifika nyumbani nafurahi kwamba nimeshushwa mapema, yamekwisha, si mimi tena. Nakuchukia na nafurahi, siku moja hiyohiyo. Kisha usiku nalia kwa sababu sitakiwi tena. Sasa na wewe niambie mimi ni mtu wa aina gani."

"Sijui," Garth akasema.

"Wala mimi sijui."

Darcy akakaa. Yule mama wa sweta akasema, bila kumwelekea mtu yeyote, kwamba hata yeye alikuwa akiuliza kwa nini dada yake anapewa magauni na yeye hapewi, na magauni yale alijua vizuri yanatolewa kwa malipo gani. Glenys akasema tu kwamba watoto hutaka kupendwa, na kwamba aliyeijua kiu hiyo ndiye aliyeitumia. Garth alilisikia neno hilo, akaliona ni la kweli, na bado halikumtuliza.

Baada ya hapo wakawa marafiki, ikiwa urafiki ndilo jina lake. Kuna siku walizungumza kwenye maegesho hadi miguu ikaganda, na kuna siku hawakuweza kutazamana. Ndipo Darcy akamletea jambo lake. Ukutani pale bwawani, juu ya mlango wa vyumba vya kubadilishia nguo, kulikuwa na kibao cha shaba chenye jina la Prewett na maneno ya shukrani kutoka kwa mji. Darcy alikuwa amekwenda baraza la mji peke yake, mwaka mmoja kabla, kuomba kiondolewe. Diwani mmoja alimwambia kwa upole kwamba marehemu hawezi kujitetea, na kwamba hajapata kutokea mwingine mwenye lalamiko.

"Sasa yupo mwingine," Darcy akasema.

"Darcy, nipe muda."

"Muda gani tena? Watoto wanapita chini ya jina lile kila siku."

"Najua. Tilly anapita. Lakini ukiniuliza usiku na mchana nataka nini, nitakupa majibu mawili tofauti."

Kabla ya kumjibu Darcy ilimbidi amwambie mkewe. Alimwambia jikoni, Joylene anamenya viazi, na alisema akiwa amempa mgongo kwa sababu uso kwa uso asingeweza. Joylene aliendelea kumenya hadi kiazi kikabaki kidogo kama yai la kuku mchanga.

"Tumekaa mita mia kutoka baharini tangu tuoane," akasema mwishowe. "Watoto wako wamekulia majini na wewe hata siku moja hukutia mguu. Nilidhani hupendi kuwa nasi. Nimekununia kwa hilo miaka na miaka, Garth."

"Nami nilidhani napenda tu kukaa kivulini."

Joylene akaweka kisu chini. Alikuwa na hasira, na Garth hakujua anamkasirikia nani. Huenda hata Joylene mwenyewe hakujua. Alitoka akazunguka nyumba mara moja kwenye upepo, akarudi, akamshika mumewe begani kwa mkono wenye wanga wa viazi, akamwambia, "Nitakuja nawe huko barazani. Lakini usinitake niwe mtulivu."

Kikao kilikuwa jioni moja ya mwezi wa nane. Darcy alisema vizuri, kwa ufupi, kama mtu aliyekwishasema. Garth aliposimama, maneno aliyoyaandaa lorini siku nzima yalimtoroka.

"Alinifundisha kupumua," alianza. "Kwenye maji, namaanisha. Alikuwa mwalimu mzuri. Na alinidhulumu. Kwa muda wa... muda mrefu. Nilikuwa mtoto. Alininunulia viatu."

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Diwani yuleyule aliyemjibu Darcy, mwanamume mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akamuuliza bila ukali, "Bwana Nankervis, naomba nielewe. Unataka kibao kiondolewe au kibaki?"

"Unaniuliza kama vile ni rahisi," Garth akasema. Alimwangalia Joylene, aliyekuwa amefinya mkoba wake kana kwamba utakimbia. "Kiondolewe. Sisemi kwamba hakutufundisha. Alitufundisha, na mimi nina medali ndani ya sanduku, na sijui niitupe au niitunze. Lakini mji usimshukuru. Mji haujui ulikuwa unamshukuru kwa nini. Kama mnaona maneno yangu hayaendi pamoja, hata mimi nayaona hivyo. Ndivyo yalivyo."

Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi, na alishukuru kwa hilo.

Kibao kilitolewa kabla ya msimu wa kuogelea kuanza, bila tangazo. Si kila mtu alifurahi. Mwanamke aliyekuwa kwenye timu ya wasichana enzi zile alimsimamisha Garth nje ya duka la mikate na kumwambia kwamba amechafua jina la mtu aliyeutoa mji huu gizani, na kwa nini alingoja mpaka mtu wa watu afe. Garth alimwambia kwamba swali hilo hata yeye hujiuliza. Mwanamke akatazamia ugomvi, hakuupata, akaondoka akiwa amechanganyikiwa zaidi. Juma hilohilo Glenys alipokea simu ya mwanamume kutoka mji mwingine, ambaye hakutaka kutaja jina, aliyeuliza kama ni kweli kwamba kibao kimeng'olewa. Alipoambiwa ni kweli, alilia kwa muda kisha akakata. Hajapiga tena. Glenys bado anaiacha simu yake wazi.

Jumamosi moja mchana Garth na Darcy walikaa nyuma ya pikapu ya Darcy, ufukweni, wanakula pai za nyama kutoka kwenye mifuko ya karatasi. Joylene na Tilly walikuwa mbele yao, wanaokota kombe. Upepo ulikuwa wa baridi lakini jua lilikuwa limetoka.

"Mita mia, mtindo huru," Darcy akasema ghafla. "Ulikuwa unaogelea kwa muda gani?"

Garth akamwambia.

"Acha uongo."

"Kweli kabisa. Hobart, mashindano ya mkoa."

"Basi ulinishinda kwa nusu sekunde." Darcy akatafuna, akakasirika kidogo, kweli akakasirika. "Lakini mimi nilikuwa na homa mwaka ule."

"Ulikuwa na homa, ndiyo. Walioshindwa wote walikuwa na homa."

Wakacheka hadi Darcy akapaliwa na Garth akampiga mgongoni. Kisha kicheko kikakatika kwa wote wawili kwa wakati mmoja, kwa sababu kila mmoja alikumbuka nani alikuwa ameshika saa ya kuwapimia muda.

"Sisi tunafanya nini hapa, Garth?" Darcy akauliza. "Tunajivunia au tunaomboleza?"

Garth alitazama kule ufukweni. Tilly alikuwa akimpungia mkono, anataka babu yake aje aone kitu alichokipata kwenye mchanga, karibu kabisa na maji.

"Sijui, bwana," akasema. Akampa Darcy mfuko wake wa pai amshikie, akaanza kufungua kamba za viatu.